Taa zinazocheza muziki: maneno yanayotumika katika maonyesho ya taa za Krismasi majumbani

Kila ifikapo Desemba, video za namna moja huanza kupita kwenye makundi ya WhatsApp. Ni usiku, nyumba ya Marekani imezungushiwa taa kuanzia paa hadi miti ya uani. Wimbo unapoanza, taa nazo zinaanza kucheza. Ngoma ikipigwa, taa zinaruka. Mwimbaji akivuta sauti, rangi inapanda taratibu mpaka kileleni mwa paa. Kuna hata sura zilizotengenezwa kwa taa, zinazofungua mdomo na kuimba.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: taa zinausikiaje muziki? Jibu fupi ni kwamba hazisikii chochote. Kuna mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kwa saa nyingi, akaiandikia kila taa wakati wa kuwaka, rangi ya kuwaka na wakati wa kuzima.

Kazi hiyo ina lugha yake. Katika makala haya tunaeleza maneno yake makuu, tukianza na wimbo na kumalizia kwenye plagi. Tunaeleza pia mambo mawili yanayotugusa hapa kwetu: matumizi ya mawimbi ya FM, na umeme unaoweza kuua mtu au kuchoma nyumba.

Yalikoanzia

Taa za umeme kwenye mti wa Krismasi zilianza Marekani mwaka 1882. Edward H. Johnson, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison, alifunga balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu kwenye mti nyumbani kwake New York. Mti wenyewe ulikuwa ukizunguka kwa nguvu ya umeme. Wakati huo wengi walikuwa bado wanatumia mishumaa, na mishumaa juu ya mti mkavu ilichoma nyumba nyingi.

Taa za kufuata muziki majumbani zilijulikana duniani mwaka 2005. Mhandisi mmoja wa umeme, mkazi wa eneo la Mason katika jimbo la Ohio, alikuwa amepamba nyumba yake mwaka mmoja kabla kwa taa zipatazo 16,000 zilizogawanywa katika chaneli 88. Alizipanga zifuate wimbo "Wizards in Winter" wa kundi la Trans-Siberian Orchestra. Video yake ilisambaa kwa barua pepe na intaneti, ikaingia hadi kwenye tangazo la bia la televisheni. Watu walifurika mtaani kwa magari. Desemba hiyo ajali ilipotokea karibu na hapo, msongamano uliwapa polisi shida ya kufika, na mwenye nyumba akaamua kuzima taa zake.

Tangu mwaka 2013 televisheni ya ABC ya Marekani imekuwa na kipindi cha mashindano ya nyumba zilizopambwa, The Great Christmas Light Fight. Leo ni shughuli ya maelfu ya familia. Wapo wanaoanza kupanga onyesho la Desemba tangu Januari.

Maneno ya muziki na muda

Sikwensi ndilo neno la kwanza kulijua. Ni faili la maagizo yote ya wimbo mmoja: taa ipi iwake, sekunde gani, kwa rangi gani, kwa mwanga kiasi gani. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria karatasi ya mwalimu wa kwaya, ambayo kila sauti ina mstari wake. Soprano anajua aingie wapi, besi anajua anyamaze wapi. Katika sikwensi waimbaji ni taa.

Kuandika sikwensi ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Wenye uzoefu husema dakika moja ya wimbo inaweza kuchukua saa kadhaa za kazi. Programu zinazotumika sana ni xLights na Vixen, ambazo hutolewa bure, na Light-O-Rama, ambayo ni ya kulipia.

Alama za muda ni mistari inayowekwa juu ya picha ya sauti kwenye kompyuta. Mpangaji husikiliza wimbo na kuweka alama kila ngoma inapopigwa, kila ubeti unapoanza na kila neno linapotamkwa. Taa huagizwa kwa kufuata alama hizo. Alama zikikosewa, onyesho zima linacheza nje ya mdundo, kama mpiga makofi aliyechelewa kanisani.

Fremu ni kipande kidogo cha muda ambacho ndani yake taa hazibadiliki. Maonyesho mengi hutumia fremu 20 au 40 kwa sekunde. Ikiwa ni 40, kila fremu inadumu milisekunde 25. Jicho la binadamu haliwezi kuzihesabu, kwa hiyo linaona mwendo mmoja laini, kama linavyoona sinema.

Fonimu ni neno lililotoka kwa wataalamu wa lugha, na maana yake ni sauti moja ya lugha. Sura inayoimba huwa na midomo kadhaa iliyofungwa taa: mdomo wa sauti A, wa O, wa M na mingineyo. Kompyuta huligawa neno katika fonimu, kisha huwasha mdomo unaofaa kwa kila sauti. Hivyo ndivyo ukuta unavyoonekana kuimba.

Hapa tutofautishe jambo moja. Zile taa za disko zinazouzwa madukani, zinazobadilika ukipiga kofi au spika ikiguruma, zina kipaza sauti kidogo ndani. Hizo kweli hupokea sauti, lakini zinajua kelele tu. Haziwezi kujua kwamba kiitikio kinakuja baada ya sekunde mbili, na haziwezi kujitayarisha. Sikwensi inajua wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Maneno ya maumbo

Propu ni umbo lolote lililofungwa taa: nyota, tao, kengele, fimbo ya pipi, ua la theluji. Neno limetoka kwenye michezo ya jukwaani, ambako vifaa vya mchezo huitwa hivyo. Propu nyingi hukatwa kwenye plastiki nyepesi yenye mashimo kati ya kuta mbili, ile inayotumika kwa mabango ya matangazo.

Mti mkubwa si mti ulioota. Ni nguzo iliyosimamishwa uani, na kamba za taa zinashuka kutoka kileleni hadi chini kwa duara au nusu duara. Kutoka barabarani unaonekana kama mti wa mwanga. Ndio propu inayovuta macho zaidi, kwa kuwa picha, theluji na rangi zinaweza kuzunguka juu yake.

Matao ni mabomba yaliyopindwa na kupangwa mstari mmoja, mara nyingi kando ya barabara. Taa huruka kutoka tao moja hadi jingine, kama mtoto anayeruka madimbwi.

Matriksi ni ubao wa taa zilizopangwa kwa mistari na safu. Kwa kuwa kila taa ina anwani yake, ubao unaweza kuandika maneno au kuonyesha picha, sawa na skrini kubwa ya uwanja wa mpira.

Mwendo ni kile ambacho taa zinafanya. Zipo aina nyingi, lakini nne zinatosha kuelewa video yoyote. Kukimbizana ni taa kuwaka moja baada ya nyingine kwa mstari. Kufifia ni mwanga kupungua polepole. Kupanda ni kinyume chake. Kumetameta ni taa kuwaka na kuzima bila mpangilio, kama vimulimuli kwenye majani wakati wa mvua.

Chaneli na kontrola

Chaneli ni kitu kimoja kinachoweza kuagizwa peke yake. Kama kamba yenye balbu 100 inawaka yote pamoja na kuzima yote pamoja, hiyo ni chaneli moja, ingawa balbu ni mia. Ndiyo maana nyumba ile ya Ohio ilikuwa na maelfu ya taa lakini chaneli 88 tu. Taa zilikuwa makundi makundi, na kila kundi lilipokea agizo moja.

Kontrola ni kisanduku kinachopokea maagizo ya kompyuta na kuyageuza kuwa umeme. Kontrola za zamani zilishughulikia umeme wa nyumbani moja kwa moja. Ndani yake mlikuwa na swichi za kielektroniki zisizo na sehemu inayosogea. Swichi hizo ziliweza kukata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, na kwa njia hiyo kupunguza au kuongeza mwanga bila kuchakaa kama swichi ya ukutani.

Pikseli, moyo wa maonyesho ya leo

Pikseli ni taa moja yenye akili yake. Ndani mna taa tatu ndogo sana, nyekundu, kijani na buluu, pamoja na chipu inayozisimamia. Herufi RGB unazoziona kwenye maboksi ya taa zinasimamia rangi hizo tatu.

Kila rangi ina ngazi 256 za mwanga, kuanzia 0 hadi 255. Zikichanganywa, pikseli moja inaweza kutoa rangi zaidi ya milioni 16. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja unapata njano. Zote tatu zikiwaka kwa nguvu unapata nyeupe. Kwa hesabu ya chaneli, pikseli moja ni chaneli tatu.

Katika lugha ya wapenzi wa taa kuna RGB bubu na RGB janja. Bubu hubadilika rangi kamba nzima kwa pamoja. Janja ndiyo pikseli halisi, ambayo kila taa hupokea agizo lake. Mnunuzi asiyejua tofauti hii huweza kununua mita 20 za taa bubu akidhani atapata mwendo wa kukimbizana. Hataupata, hata abadilishe remoti mara ngapi.

Je, maagizo ya taa 50 yanapitaje kwenye waya mmoja? Chipu inayotumika sana, WS2811, hufanya kazi kama wanafunzi waliopanga mstari mmoja wakati mwalimu anapitisha madaftari. Wa kwanza anachukua la juu, ambalo ni lake, anawapitishia wenzake yaliyobaki. Wa pili anachukua la juu, anapitisha. Vivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kila pikseli huchukua biti 24 za kwanza, nane kwa kila rangi, na kupitisha zilizobaki.

Mfano huo unaeleza mambo mawili. La kwanza, pikseli moja ikifa, zote zinazofuata huweza kuzima au kuwaka ovyo, kwa sababu hakuna wa kupitisha madaftari. Fundi hutafuta hitilafu kwenye pikseli ya kwanza isiyowaka au ile iliyo kabla yake. La pili, mstari hauwezi kurefushwa bila kikomo. Biti hizo 24 huchukua mikrosekunde 30, hivyo pikseli 800 huchukua milisekunde 24. Kama fremu ni ya milisekunde 25, muda umekwisha. Ukitaka pikseli zaidi, unaanzisha mstari mwingine kutoka kwenye kontrola.

Yunivasi ni neno linalowashangaza wageni, kwa kuwa kwa Kiingereza ndilo neno la ulimwengu. Hapa maana yake ni ndogo zaidi: ni kundi la chaneli 512. Hesabu hiyo inatokana na DMX512, kanuni za mawasiliano ya taa za jukwaani zilizotungwa Marekani mwaka 1986. Kwa kuwa pikseli moja hutumia chaneli tatu, yunivasi moja inatosha pikseli 170, na chaneli mbili zinabaki. Nyumba yenye pikseli 5,000 inahitaji yunivasi 30. Siku hizi yunivasi husafirishwa kwa waya wa mtandao wa kompyuta, ambao unaweza kubeba nyingi kwa wakati mmoja.

Kichezeshi ni kompyuta ndogo inayoendesha onyesho kila jioni bila mtu kuigusa. Wengi hutumia Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake unakaribia kitambulisho cha mfukoni, ikiwa na programu ya bure iitwayo Falcon Player. Kichezeshi hufanya kazi mbili kwa saa ileile: hutuma maagizo kwenye kontrola, na hutoa sauti ya wimbo. Kwa kuwa vyote vinatoka sehemu moja, taa na muziki haviachani.

Kwa nini wanatumia redio

Ukitazama vizuri video hizo, utaona bango lenye namba, kwa mfano 99.1 au 107.3. Hiyo ni namba ya masafa ya FM. Watazamaji hubaki ndani ya magari, hufungua redio, na kuusikiliza wimbo huku wakitazama taa.

Sababu ya kwanza ni ujirani. Ni majira ya baridi, watu wamejifungia ndani, na wimbo uleule ukirudiwa kwa spika kila dakika kumi kuanzia saa kumi na mbili jioni utageuka ugomvi.

Sababu ya pili ni fizikia. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti hutembea hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Gari lililo mita 100 kutoka kwenye spika litapata sauti ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa onyesho la fremu 40, hizo ni fremu 12 hivi, na macho yanatambua. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo walio mbele na walio nyuma husikia pamoja.

Sababu ya tatu mpenzi wa mpira anaijua bila kufundishwa. Jirani anayesikiliza mechi kwenye redio ya FM hushangilia bao wakati wewe unayesikiliza kwa intaneti bado unaambiwa mpira uko katikati ya uwanja. Intaneti hukusanya sauti kwanza, ikaihifadhi kidogo, ndipo ikakupa. Ucheleweshaji wa sekunde kadhaa haumwumizi msikilizaji wa habari, lakini onyesho la taa linaharibika kabisa. Redio ya FM ya kawaida haina subira hiyo.

Kifaa kinachorusha wimbo huitwa transmita. Marekani sheria inaruhusu transmita dhaifu sana bila leseni. Nguvu ya mawimbi yake haipaswi kuzidi mikrovolti 250 kwa mita, ikipimwa umbali wa mita 3. Kwa maneno ya kawaida, inasikika hadi mita 60 hivi, basi. Anayezidisha anaweza kupewa onyo na hata kutozwa faini na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC.

Hapa kwetu mambo yasichukuliwe kwa mkato. Masafa hugawanywa na mamlaka za mawasiliano: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda. Kutangaza kwenye FM bila kibali ni kosa. Kabla ya kununua transmita yoyote kwenye mtandao, uliza mamlaka ya nchi yako, maana zipo zinazouzwa zikiwa na nguvu mara nyingi kuliko kile Wamarekani wanachoruhusiwa.

Hatusemi hivi kwa wivu wa kituo cha redio. Transmita ya bei rahisi isiyochujwa vizuri hutoa mawimbi hata pale isipotakiwa. Inaweza kumfunika msikilizaji wa kijiji kizima wakati wa tangazo la mafuriko au la chanjo. Na juu kidogo ya mwisho wa FM, kuanzia megahezi 108, ndiko vinakoanza vyombo vya kuongozea ndege na mawasiliano ya marubani. Kwa onyesho dogo la uani, spika ya kawaida inatosha.

Maneno ya umeme

Mambo matatu huchanganywa sana. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Wati ni kazi inayofanyika, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Ukilinganisha na mpira wa kumwagilia shamba, volti ni msukumo wa tangi na ampea ni wingi wa maji yanayotoka.

Kamba ya zamani yenye balbu ndogo 100 hula takriban wati 40. Nyumba yenye balbu 16,000 za aina hiyo ina kamba 160, sawa na wati 6,400. Zikiwaka zote kwa saa moja, mita inakata uniti 6.4. Kamba ya LED yenye taa 100 hula wati 5 hadi 7 tu. Kwa hiyo idadi ileile ya taa za LED ingekula takriban uniti moja kwa saa. LED ndizo zilizowezesha nyumba ya kawaida kuwa na taa nyingi bila kufilisika.

Pikseli nyingi hutumia volti 5 au 12, ambazo hutolewa na pawasaplai, kisanduku kinachoshusha umeme wa nyumbani. Mtu husikia volti 5 akadhani hakuna hatari. Hebu tuhesabu. Pikseli moja ya volti 5 ikiwaka nyeupe kamili hutumia hadi milliampea 60. Pikseli 1,000 hutumia ampea 60, yaani wati 300. Volti 5 haitakurusha, lakini ampea 60 kwenye waya mwembamba zitaupasha moto mpaka plastiki iyeyuke. Wenye betri za sola wanalijua hili: betri haikupigi shoti, lakini nyaya zake zikigusana cheche zake zinawasha nyasi. Kwa sababu hiyo kila laini inayotoka kwenye pawasaplai huwekewa fyuzi, na wengi hushusha mwanga hadi asilimia 30, kiasi ambacho usiku kinatosha kabisa.

Kushuka kwa volti ni umeme kupungua nguvu kadiri unavyosafiri. Bomba likiwa refu na jembamba, mwisho wake hutoa maji kwa kusuasua. Kamba ya pikseli nayo, ukiiagiza iwake nyeupe, mwanzo utakuwa mweupe na mwisho utaelekea njano au wekundu. Buluu na kijani huhitaji volti kubwa kuliko nyekundu, hivyo ndizo huanza kuchoka.

Dawa yake ni kuongeza umeme katikati. Fundi huleta waya mwingine mnene kutoka kwenye pawasaplai hadi katikati au mwisho wa kamba. Ni sawa na mkulima anayefungua mfereji wa pili kwa ajili ya tuta la mbali. Wengine huchagua volti 12 badala ya 5, kwa kuwa husafiri mbali zaidi kabla ya kuchoka.

Tahadhari kwa msikilizaji wetu

Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 230 hadi 240. Taa za mitumba au zawadi kutoka kwa ndugu aliye huko zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa volti 120 pekee. Ukizichomeka hapa zinapokea msukumo mara mbili. Zikiwa na bahati zinaungua mara moja. Zisipokuwa na bahati zinaungua taratibu kwenye pazia. Soma maandishi kwenye plagi au adapta. Yakisema 100-240V, inafaa. Yakisema 120V pekee, usichomeke.

Taa za ndani zisipelekwe nje. Mvua ikiingia kwenye maungio, umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo inaweza kuwa mtoto anayegusa mti wa mapambo. Nyumba yenye taa za nje iwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Ile ya kumlinda mtu hukata uvujaji ukifika milliampea 30. Fundi umeme mwenye leseni anaweza kuifunga kwenye ubao wa mita.

Usichubue waya na kuuchomeka kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Usiunge ekstensheni moja kwenye nyingine mpaka nyaya zikawa na joto ukizigusa. Usipandishe taa kwenye nguzo ya shirika la umeme wala karibu na nyaya zake. Ngazi nayo ina wahanga wake: Marekani kila mwaka watu hupelekwa hospitali kwa kuanguka wakati wa kupamba paa.

Anayetaka kujifunza aanzie wapi

Kijana mwenye hamu hahitaji paa lenye taa elfu kumi. Hahitaji hata taa moja kuanza. Programu ya xLights huonyesha onyesho zima kwenye skrini ya kompyuta. Unaweza kuchukua picha ya nyumba, ya kanisa au ya shule, ukachora propu juu yake, ukaandika sikwensi ya wimbo uupendao na kuutazama ukicheza. Ujuzi anaoupata mtu hapo, wa kupanga muda, kuhesabu anwani na kusoma maagizo ya kompyuta, unatumika pia katika taa za jukwaani na uhariri wa video.

Hatua inayofuata ni kamba moja ya pikseli 50 za volti 5, ambayo hata ikiwaka nyeupe kamili hula ampea 3, sawa na wati 15. Kontrola ndogo yenye programu ya bure ya WLED huwezesha kuiongoza kwa simu janja kupitia wifi. Hapo gharama ni ndogo, hatari ni ndogo, na mambo yote tuliyoeleza, kuanzia fremu hadi kushuka kwa volti, utayaona kwa macho yako.

Maneno kwa ufupi

- Sikwensi: faili la maagizo ya taa kwa wimbo mmoja.
- Fremu: kipande cha muda, mara nyingi milisekunde 25 au 50.
- Propu: umbo lolote lililofungwa taa.
- Chaneli: kitu kimoja kinachoagizwa peke yake.
- Kontrola: kisanduku kinachogeuza maagizo kuwa umeme.
- Pikseli: taa moja yenye chipu yake, ni chaneli tatu.
- Yunivasi: chaneli 512, zinazotosha pikseli 170.
- Kichezeshi: kompyuta ndogo inayoendesha taa na sauti kwa pamoja.
- Transmita: kifaa cha kurusha sauti kwa redio, hapa kwetu ulizia kibali kwanza.
- Pawasaplai: kisanduku kinachoshusha umeme wa nyumbani hadi volti 5 au 12.
- Kushuka kwa volti: umeme kuchoka mwishoni mwa waya mrefu.
- Kuongeza umeme katikati: kuleta waya wa pili ili mwisho wa kamba usififie.